Nyota, Miwani Hiyo Si ya Wageni

Nyota,

Salamu sikupi. Umetoka mlangoni sasa hivi bila kuniaga, umekwenda kwa watu wa korali wakuimbie nyimbo za safari, na mimi nimebaki nimesimama katikati ya nyumba na hasira yangu, sina wa kumpa. Nikingoja urudi tutaanza tena kupigizana kelele, na kesho asubuhi utapanda gari la Kamanyola kwenda kuanza kufundisha tukiwa tumenuniana. Kwa hiyo naandika. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako wa begani uliouacha hapa, uisome leo leo ukirudi, si ndani ya sanduku, kwa sababu leo nimeona kwa macho yangu namna unavyoweka vitu sandukuni.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutotembea barabarani jua likishatua, sitaziandika. Shangazi zako wamekuambia hayo yote tangu juzi, kila mmoja kwa zamu yake, na wewe ulikuwa unaitika "ndiyo, shangazi" huku unachezea simu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hiyo miwani.

Mdogo wako Kashindi amerudi mchana kutoka kazini kwake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kimanga. Amekuja na mfuko wa nailoni, akaumwaga juu ya meza mbele yako. Miwani ya kukinga macho, ile mikubwa yenye mpira wa kufunga kisogoni, ambayo amekuwa akiikusanya kidogo kidogo bila kutuambia.

"Dada, hizi ni za batoto bako ba TP, siku ya kuchanganya dawa," akakuambia. "Haziko mingi, lakini meza moja itaenea. Bakuwe banavaa kwa zamu."

Ulifurahi, sikunyimi haki yako. Ulivaa moja ukajitazama kwenye kioo cha simu, ukasema sasa unafanana na prof wa kemia kweli kweli. Mimi nilikuwa napepeta ndagala, dagaa zangu za kuuza, pale mlangoni, nikacheka. Kisha nikakuona ukitoa kitenge kipya, kile cha maua ya buluu, ukazifunga zote ndani yake, ukazishindilia chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu vya Jumapili. Ukasema, "Aksanti sana, Kashindi. Nitazichunga muzuri. Siku inspekta atakuya, atanikuta niko na lineti za kutosha."

Kashindi naye akacheka, lakini wewe unakijua kicheko chake kile cha puani. Akanigeukia mimi, si wewe. "Muache azichunge, Mama. Siku ya bageni atazitoa." Akachukua kofia yake akarudi kazini kabla saa ya kurudi haijafika.

Usiniambie hukusikia. Ulisikia, ukainamia sanduku ukajifanya unatafuta zipu. Na nilipokuuliza una akili gani, ulinijibu maneno ambayo tangu hapo yananizunguka kichwani: "Mama, minye niko mupya kule. Batoto bataziharibu. Na prefe ndiye mukubwa wa shule, akisema ziwekwe ku biro yake, nitamwambia nini? Sina matrikile ya serikali. Weye unataka nianze na vita?"

Ndiyo, Nyota. Nataka uanze na vita. Nilikuambia hivyo kwa sauti iliyowatoa majirani ndani, na sasa nakuandikia nikiwa nimeketi, ili usiseme mama alikuwa amepandwa na wazimu wa siku moja.

Maneno hayo ya "batoto bataziharibu" hukuyazua wewe. Ni yangu. Niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Wakati ule wewe ulikuwa Bukavu unasoma, na mambo ya nyumbani ulikuwa unayapata kwenye simu vipande vipande, mtandao ukikubali. Kwa hiyo unajua jicho la ndugu yako lilivyo, lakini hujui vizuri lilivyofika pale. Sasa utajua yote, na ukimaliza kusoma uniambie kama bado unataka kuzifunga ndani ya kitenge.

Ule ulikuwa mwaka ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye nyumba za chini. Kashindi alikuwa darasa la tano la sekondari, chaguo la kemia na baiolojia, na kila jioni ananiambia atakuwa daktari. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wazazi wa shule yao, msemaji wa akina mama. Wageni fulani waliokuwa wakisaidia shule wakaleta katoni: miwani ya kinga, glavu nene, na mablauzi meupe ya maabara. Prefe wa shule akatuita kamati tuvipokee. Prof wao wa kemia, Safari, kijana mwembamba ambaye shati lake lilikuwa limepauka kwa dawa, akasimama akaomba jambo moja tu. Alitaka vitu vile vitundikwe kwenye misumari ndani ya darasa, karibu na mlango, mtoto akiingia anavaa, akitoka anarudisha.

Nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa vizuri siku hiyo, na kilemba juu. Nikasema, "Prof, weye haujazaa bado, haujue batoto. Ukitundika lineti hizi mu darasa, kisha juma moja utakuta vioo tu. Bale bageni bakirudi batuulize, tutajibu nini? Tuzifungie ku biro ya prefe, zikuwe safi. Siku ya bageni tutazitoa."

Watu wakapiga makofi. Prefe akasema, "Mama Nyota amesema kama muzazi." Safari akaketi. Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu, nilikwenda nyumbani nikafuma kitambaa cheupe chenye ukingo wa manjano, nikakipeleka kwa prefe afunike nacho zile katoni kabatini. Kitambaa, Nyota! Ndugu yako anakwenda kuchanganya dawa kwa macho matupu, na mama yake anafumia katoni kitambaa.

Usifikiri nilikuwa na roho mbaya. Nilikuwa mwanamke wa hapa kwetu, basi. Unaikumbuka kabati yetu ya vioo, na zile sahani za maua, na glasi zilizopangwa kwa ukubwa. Nani aliwahi kula ndani yake? Wewe ulikuwa na malaria, una miaka saba au nane, mdomo umekauka, ukaomba maji, dada mmoja wa kanisani aliyekuja kukuona akakupa kwa glasi ya kabatini. Alipoondoka tu nilikupiga kofi mkononi, na homa yako ile. "Hiyo ni ya bageni!" Kesho yake ulikunywa kwenye kopo la plastiki kama kawaida. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba yangu mwenyeji hakuwa anapona, alikuwa anatazama sahani nzuri kupitia kioo. Na hakuna jirani aliyeniona mbaya, maana nyumba zao ni hivyo hivyo. Nimekulea hivyo, na leo uliposhika kitenge kile niliiona mikono yangu. Ndiyo maana nilipiga kelele vile.

Wageni walirudi. Miwani ikatolewa, ikafutwa, watoto wakavishwa pamoja na mablauzi, wakapewa chupa nyembamba zenye maji ya rangi, wakapigwa picha. Kashindi alirudi anafurahi. Nikamuuliza, "Mulifanya TP gani?" Akasema, "Hakuna, Mama. Ni maji na rangi ya kitambaa. Bageni balipoenda, prefe alihesabu lineti akazirudisha." Tulicheka wote wawili, nakumbuka vizuri, nilikuwa nasonga ugali nikaacha mwiko nikacheka. Hatukuona ubaya wowote. Mtoto alivaa kinga siku ya kushika maji, na sisi tukacheka.

Sasa ile siku yenyewe. Prefe alikuwa ametangaza kwamba kwenye sherehe ya kufunga mwaka, darasa la kemia lazima lioneshe kitu ambacho wazazi watakielewa. Safari akachagua sabuni. Mawese yapo, na ile soda kali ya kutengenezea sabuni inauzwa sokoni kwenye mifuko. Asubuhi hiyo Safari alikwenda ofisini kuomba miwani. Sekretari akamwambia, "Prefe alienda Bukavu. Funguo iko naye. Ungojee arudi." Safari akashukuru, akarudi darasani, akaanza bila miwani. Hayo aliniambia yeye mwenyewe baadaye, amesimama pale penye mlango wetu, analia mpaka makamasi. Nilitaka kumpiga. Nikamuuliza kwa nini hakungoja. Akasema alikuwa anaogopa sherehe ifike hana sabuni, na kwamba alikuwa mpya, na hakutaka kuonekana mtu wa matatizo.

Nilimchukia mtu yule miaka mingi. Sasa nimechoka kumchukia, lakini nataka umwangalie vizuri, kwa sababu ndiye anayefanana nawe kuliko prefe. Hakuwa mjinga. Alijua hatari kuliko sisi wote, ndiyo maana aliomba misumari. Aliomba kwa adabu mara ya kwanza, mimi nikamkatalia. Aliomba kwa adabu mara ya pili, akakuta funguo imesafiri. Basi akanyamaza, akafundisha. Ni mtu mpole ambaye alikuwa mupya kule.

Alikuwa na haraka, akaiweka soda ndani ya kopo kwanza kisha akaimwagia maji juu, wakati ni soda inayotakiwa kuingia ndani ya maji, polepole. Wewe unajua hayo kuliko mimi. Akawaita, "Mukaribie, muone namna inachemuka bila moto." Ndugu yako, aliyetaka kuwa daktari, ndiye aliyekaribia kuliko wote. Kopo likaruka. Wenzake walipata matone kwenye mashati na mikono. Yeye aliinama, akapata kwenye jicho la kushoto.

Maji, Nyota. Maji tu ndiyo yaliyokuwa yanatakiwa, mengi, papo hapo, bila kusimama. Bidoni ya maji ya darasa ilikuwa tupu kwa sababu waliokuwa na zamu hawakuchota. Mtu mmoja akampa kitambaa akajifuta, ndiyo akazidi kuisugua ndani. Wakamshika mkono wakampeleka wapi? Ofisini. Kuomba karatasi ya kutoka shuleni! Sekretari anasema hawezi kutia sahihi bila prefe, wanabishana pale mlangoni, na mtoto anapiga kelele. Mwisho mlinzi mmoja akamrusha juu ya pikipiki, akamleta kwangu badala ya kumpeleka kituo cha afya. Na mimi nilifanya nini? Nilimwita mama mmoja jirani aliyekuwa ananyonyesha, akamkamulia maziwa ndani ya jicho, kama wanavyofanya bibi zetu jicho la mtoto likiwa jekundu. Tukamshika kichwa. Tukaomba. Nilimwambia anyamaze, mwanaume halii.

Tulipofika kituo cha afya, muuguzi alimlaza akamtilia maji bila kukoma, na huku anatutukana. "Mulikuwa munangojea nini? Muko na Tanganyika muzima hapa chini, inaingia mpaka mu nyumba zenu, na mulikosa maji ya kutia mutoto mu jicho?" Ziwa lilikuwa limetufukuza watu vyumbani mwaka ule, tulikuwa tunalitoa kwa ndoo.

Madaktari wa Bukavu walitazama jicho lile wakasema limeungua, litabaki jeupe. Hapo wewe ulikuwa naye, ulimshika mkono, sihitaji kukuandikia.

Ninachotaka kukuandikia ni siku prefe alipokuja kutupa pole. Sijawahi kukuambia jambo hili kwa sababu kila nikilikumbuka nasikia joto shingoni. Alikuja na baba yenu mkubwa, maana baba yenu alikuwa ameshatutangulia, na mtu wa kuzungumza kwa niaba yetu alikuwa ni kaka yake. Walileta kreti ya vinywaji. Wakaketi kwenye viti vizuri. Prefe akakohoa, akasema, "Mama Nyota, haya mambo iko ya Mungu. Ajali haina kinga." Baba yenu mkubwa akaitikia kwa kichwa. Ajali haina kinga! Kinga ilikuwa kabatini kwake, imefunikwa kitambaa changu, na wote watatu tulijua, na hakuna aliyesema.

Mimi nilisema, "Aksanti, Prefe, kwa kutufikia." Kisha nikaenda kwenye kabati ya vioo, nikatoa sahani za maua. Nikapika wali, samaki mukeke, na sombe ya majani ya muhogo. Prefe alipoketi mezani, rundo la funguo lilimbana mfukoni, akalitoa akaliweka mezani kando ya sahani. Nikaja na bakuli la sombe, hakuna nafasi. Unajua nilifanya nini? Nikazisogeza zile funguo kwa vidole viwili, taratibu, kwa adabu, nikaweka sombe. Nikamwambia, "Karibu, Prefe." Na Kashindi alikuwa chumbani, jicho limefungwa bandeji, anakula kwenye sahani yake ya plastiki iliyopasuka ukingo.

Walipoondoka niliingia kumtazama. Akaniuliza, "Mama, ulimupa sahani ya maua?" Nikasema ndiyo, ni mgeni. Akageukia ukutani. Mimi nilikaa pale kwenye ukingo wa kitanda, ndipo hasira hii ilipoanza, Nyota. Haikuanza siku ya ajali. Siku ya ajali nilikuwa na hofu tu. Hasira ilianza pale, na sijaiacha, wala sitaki mtu anisaidie kuiacha. Wachungaji wameshajaribu.

Asubuhi nilizitoa sahani zote nikazipeleka jikoni. Uliporudi likizo ulishangaa kutukuta tunakula ndagala kwenye sahani za harusi yangu, ukadhani nimepata wazimu. Watoto wa jirani wamevunja tatu, na kila moja ilipovunjika sikusema kitu. Kisha nikaenda shuleni kudai miwani itundikwe darasani kama Safari alivyoomba. Prefe akasema jambo hilo ni la kamati. Kamati ikakaa. Nikazungumza, nikalia, nikagonga meza. Wakasema, "Mama iko na uchungu, tumuache apumuzike." Wakachagua msemaji mwingine. Nilijichukulia kitambaa changu nikaondoka. Nasikia zile lineti ziko pale mpaka leo, na nailoni yake. Kwa hiyo usifikiri nakuandikia kama mtu aliyeshinda. Nilishindwa, na walionishinda ni watu wazuri, wanaonisalimia barabarani.

Sasa wewe ndiye unayekwenda kuwa prof. Hapo zamani nilikuwa mzazi, na mzazi wanaweza kumpumzisha. Prof hawezi kupumzishwa wakati watoto wamesimama mbele yake na chupa mkononi. Ukisema "hatuanzi," hawaanzi. Prefe anaweza kuwa na funguo za kabati, lakini yule anayemwaga dawa ndani ya kopo ni wewe.

Najua hofu yako si ya bure. Huna matrikile, serikali bado haikujui, na prefe ndiye atakayepeleka jina lako mbele au alisahau mezani. Anaweza kukufukuza kwa neno moja. Sikucheki kwa hilo. Lakini nikipima, naona hivi: ukifukuzwa kwa sababu ya miwani, utarudi hapa, beseni la pili lipo, tutauza ndagala pamoja na utanuka samaki kama mama yako, na utakuwa na usingizi wako. Safari hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe, na nimesikia hafundishi tena. Kila anapokutana na kijana mwenye jicho jeupe anavuka barabara.

Ukifika, mwulize prefe wako vitu vya kinga viko wapi. Akikuambia viko salama, mwulize tena. Akikuambia ungoje, mwambie na TP nayo itangoja. Chora kopo ubaoni, chora moshi, chora kila kitu kwa chaki za rangi. Wanafunzi watakuita mwoga, na wazazi watasema huyu binti wa Uvira hana mikono, anajua kuchora tu. Wacha waseme. Na bidoni ijazwe kabla hujafungua mfuko wowote wa dawa, nenda uiinue wewe mwenyewe usikie uzito wake. Watoto wakivunja miwani, wavunje. Watakaa juu yake, wataichezea, watafunga nayo mbuzi. Itakayovunjika kichwani mwa mtoto imekwisha kufanya kazi yake, na Kashindi atatafuta nyingine.

Na ukiona aibu kuwasumbua watu wakubwa, kumbuka mimi nilivyosogeza zile funguo.

Sanduku lako nimelifungua. Utakasirika, basi ukasirike, leo tumekasirika wote. Kitenge nimekikunja pembeni, kipeleke kwa fundi akushonee nguo. Miwani nimeitunga kwenye kamba, utaishika mkononi kesho mbele ya abiria wote, na atakayekuuliza ni ya nini utamwambia. Nimebakiza moja juu ya meza, iwe mbele yenu. Kashindi akirudi kutoka kazini akukute mezani, mkae pamoja, umwombe radhi kwa maneno, si kwa kumpikia. Anakupenda mpaka anakutafutia vioo vya kuwawekea watoto wa watu wengine, yeye ambaye hakuwekewa. Nami nakupenda pia, nisije nikaacha hilo bila kuandikwa. Nakupenda na nina hasira, na leo hasira ndiyo iliyotangulia.

Jambo la mwisho ni hili. Unajua Kamanyola huwa napeleka ndagala siku za soko. Shule yako haiko mbali na soko, nimeshauliza. Siku moja nitakuja. Sitakupigia simu, sitapitia kwa prefe, sitavaa kilemba. Nitauliza watoto uani darasa la kemia ni lipi, na nitasimama nje ya dirisha, na beseni langu kichwani, nikiwatazama macho mmoja mmoja. Nikimwona hata mmoja ambaye uso wake uko wazi mbele ya kopo, nitaingia, na nitakuita kwa jina lako la nyumbani mbele ya wanafunzi wako wote, na hutasahau.

Na nikiwaona wote wamevaa, nitajua, nitaondoka zangu sokoni. Kwa hiyo ukiniona pale dirishani, usikatize somo, usije mlangoni, na usimtume mtoto aniletee kiti.

Mimi mama yako,
Mama Nyota